Waya Ulioshuka Mita Arobaini na Saba

Njia mbili zilimshinda fisi, akapasuka msamba kwa kutaka kuzifuata zote kwa pamoja. Spana aliikumbuka hadithi hiyo mara tatu asubuhi moja, akiwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo cha uzamiaji kando ya ziwa. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili na stoo ya mitungi ya hewa. Ubaoni palikuwa na karatasi mbili zimebandikwa bega kwa bega. Moja ilitangaza mafunzo ya kuzamia mapangoni, siku kumi na mbili. Ya pili ilitangaza mafunzo ya kuzamia kina kirefu, siku kumi na mbili. Zote zilianza Jumatatu ile ile, na Spana, fundi bomba wa idara ya maji, alikuwa na likizo ya wiki mbili tu kwa mwaka mzima.

Jina hilo alibandikwa na wazamiaji wenzake, kwa sababu hata siku za mapumziko alikuwa na spana mfukoni. Alikuwa mzamiaji mzuri. Cheti chake kilimruhusu kushuka mita arobaini, na mabaki ya meli ya mizigo yaliyolala chini ya ziwa lile alikwisha kuyazunguka kwa nje, upande wa juu, mara nyingi kuliko alizokwenda kwa daktari wa meno. Lakini mwaka huu hakutaka kuzunguka. Alikuwa akitafuta valvu moja.

Meli ile ilizama miaka ishirini na mbili nyuma, alfajiri, ikiwa imetia nanga. Watu wote tisa waliokuwamo walitoka salama, wengine na viatu miguuni. Hapakuwa na maiti wa kuliliwa, na labda ndiyo sababu watu walipata nafasi ya kutosha ya kulaumu. Lawama yote ilimwangukia injinia wa meli, na injinia huyo ndiye baba yake Spana.

Sheria ya meli ilikuwa nyepesi: injini ikizimwa, valvu ya kuvutia maji ya ziwa ya kupozea injini ifungwe. Kamati ya uchunguzi ilikaa siku nne, ikaandika kwamba injinia aliiacha valvu wazi, gasketi ya chujio, ule mpira wa kuziba maungio, ikapasuka usiku, na maji yakaingia kupitia hapo. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyeshuka kuangalia. Waliandika wakiwa wamekaa kwenye viti vikavu, wakagonga muhuri, wakaenda kula.

Mwaka wa kwanza Baba alikuwa akisema, niliifunga. Mwaka wa pili akawa anasema, nadhani niliifunga. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, na akiulizwa alijibu kwamba swali lenyewe limechakaa. Lakini kila jioni aliizunguka nyumba akigusa koki zote, ya jikoni, ya bafuni, ya uani, kisha akarudi tena kwa ile ya jikoni. Akialikwa harusini, alizigusa na koki za wenye harusi. Mama alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na mita ya maji.

Ndiyo hivyo basi. Spana alitaka kujua kama valvu ile ilikuwa wazi au imefungwa. Hakutaka kumtetea mzee wala kumshitaki. Alitaka kujua, kama mtu anavyotaka kukuna mahali mkono usipofika, na alitaka Baba naye ajue kabla hajaondoka duniani.

Walimu wa chuo walikuwa wawili, mke na mume. Mume aliitwa Popo, kwa kuwa nusu ya maisha yake ameishi katika mapango yaliyojaa maji na akitoka nje mchana alikunja macho. Mke aliitwa Bi Dakika. Huyu alifundisha kina kirefu, na hata chai ya ofisini aliitoa jikoni kwa saa ya mkononi. Walipendana sana, na hawakukubaliana kwa jambo lolote lenye maji ndani yake.

Spana alipowaeleza shida yake, Popo alisema hapa hapana mjadala. Chumba cha injini ni pango la chuma. Kina mlango mmoja, giza, nyaya zinazoning'inia, na matope laini ambayo ukiyapiga pezi moja tu, huoni tena hata kidole chako. Asiyejua kufuata kamba kwa mkono humo hatoki. Bi Dakika alimsikiliza mumewe hadi mwisho, akatazama saa, akauliza mlango wa pango hilo uko mita ngapi. Arobaini na nne, Spana akajibu. Basi, akasema Bi Dakika, kwa kina hicho, kwa muda anaouhitaji, hewa ya kawaida itamlevya, na akitaka kupanda kwa haraka damu yake itachemka mapovu kama soda. Asiyejua kuchanganya gesi na kusimama kwenye vituo akipanda, huyo hata kwenye kizingiti asifike.

"Kwa ufupi," alisema Spana, "Bi Dakika atanifikisha mlangoni bila kuniingiza, na Mwalimu Popo ataniingiza kwenye nyumba nisiyoweza kuifikia."

"Miaka miwili," akasema Popo. "Mwaka huu kimoja, mwakani kingine."

Lilikuwa jibu la busara, na lilimkera Spana kwa sababu hiyo hiyo. Mwakani Baba angekuwa na themanini. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na majira ya baridi yaliyopita alilazwa hospitali wiki tatu. Wiki hizo tatu koki za nyumbani hazikuguswa na mtu, na Spana, akilala nyumbani humo, aligundua kwamba bila nyayo za Baba hakupata usingizi.

Walimu walimruhusu aonje kila upande kabla ya kuandika jina. Jumamosi asubuhi Popo alimfunga kitambaa machoni katika chumba cha darasa, akapitisha kamba nyembamba chini ya meza, juu ya viti, kuzunguka kabati la faili hadi mlangoni, akamwambia atoke. Spana alitambaa kwa magoti, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimeizunguka kamba bila kuikaba. Alipenda kazi ile. Kila fundo lilikuwa na habari yake. Nusu ya njia Popo aliikata kamba kimyakimya, na Spana, badala ya kutulia aitafute ncha ya pili, alisonga mbele kwa kukisia. Alipovuliwa kitambaa alijikuta amekumbatia pipa la taka. Popo hakucheka. Alimwambia tu kwamba hapo amekwisha kufa dakika nne zilizopita.

Mchana Bi Dakika alimkalisha mbele ya karatasi yenye mistari na namba. Dakika kumi na mbili chini, zinahitaji dakika thelathini na nane za kupanda. Ukizidisha dakika mbili tu chini, unaongeza karibu kumi njiani. Spana alipenda na hiyo. Ilikuwa na ukweli wa mabomba, kwamba huwezi kulazimisha presha ishuke kwa sababu una haraka ya kwenda nyumbani. Alirudi kwao jioni na mapenzi mawili, jambo ambalo ni tatizo kubwa kuliko kukosa hata moja.

Baba hakutaka kusikia lolote. Alikuwa jikoni akikaza koki iliyokwisha kukazwa, akasema chumba kile anakijua kuliko chumba chake cha kulala, na hata yeye leo kingempoteza. Meli imelala ubavu. Ngazi imekuwa rafu, ukuta umekuwa sakafu. Spana akamwambia hataki kukaa mle, anataka kuona tu gurudumu la valvu.

"Mama," alisema Baba, maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake akiwa hana utani, "mimi valvu yangu imenila miaka ishirini na mbili. Na wewe usiipelekee nyama."

 Siku ile Spana aliondoka mezani kabla chai haijapoa.

Jumatano aliitwa kwenye bweni la shule moja ambako maji machafu yalikuwa yakirudi bafuni. Msimamizi wa bweni, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni, alimpokea kwa uso wa msiba akauliza ni ukuta gani utabomolewa kwanza. Spana alimwambia aache funguo zake zipumzike, hakuna ukuta utakaobomolewa. Akatoa waya wa kuzibulia, akausukuma kwenye tundu la sakafuni akiuzungusha kidogo kidogo. Ulipogota, alizungushia utepe mwekundu wa umeme pale waya ulipoingilia tundu. Kisha akauvuta wote nje, akaunyoosha sakafuni, utepe ukiwa juu ya tundu, kuelekea lilikoelekea bomba, akagonga kisigino mahali waya ulipokoma. Kuziba kuko hapa, alisema, chini ya kitanda hiki.

Msimamizi aliutazama waya, akaitazama sakafu. "Kwa hiyo hukuhitaji kuingia?"

"Fundi haingii kwenye bomba," alisema Spana. "Anaingiza waya."

Alilisema neno hilo kama alivyolisema mara elfu moja kwa wateja elfu moja. Safari hii mwenyewe alilisikia. Alibaki amechuchumaa katikati ya vitanda vya watoto, waya mkononi, hadi msimamizi akamuuliza kama mgongo umemkamata. Miaka yote hiyo alikuwa akiiendea valvu kupitia mlangoni, kama mgeni wa heshima, na yeye ni fundi bomba. Valvu ina pande mbili. Upande mmoja uko kwenye chumba cha injini. Wa pili unatazama ziwa.

Nyumbani alimkuta Baba kibarazani. Hakumsalimu hata vizuri. Alimuuliza maji ya injini yaliingilia wapi kutoka nje, na kutoka kwenye wavu wa nje hadi kwenye valvu bomba lilinyooka au lilikunja kona.

 Baba aliinuka, akaingia ndani, akaing'oa kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaigeuza na kuanza kuchora nyuma yake kwa penseli ya Mama ya kuandikia mahitaji. Kulikuwa na matundu matatu tumboni mwa meli, alisema, yamefunikwa wavu wa shaba. La katikati ndilo. Kutoka hapo bomba linakwenda limenyooka kama rula hadi kwenye valvu, linapita, linaendelea, halafu ndipo linakutana na elbo na kupinda kwenda kwenye chujio. Alijua kwa sababu bomba hilo alilibadilisha mwenyewe wiki mbili kabla ya meli kuzama, na alilikata mara mbili kwa kuwa la kwanza lilitoka fupi. Meli kwa kuwa imelala ubavu, tumbo lake limesimama kama ukuta. Mtu anaweza kulifikia bila kuingia popote.

"Ikiwa valvu imefungwa," alisema Spana, "waya utagota kwenye valvu. Ikiwa wazi, utapita hadi kwenye elbo. Niambie urefu, Baba. Sentimita ngapi hadi wapi."

Baba aliweka penseli chini.  "Sikwambii. Nikikwambia urefu, mkono wako utautafuta. Unanipenda mno kwa kazi hiyo."

Aliandika namba mbili kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne, akampa Mama akitie kwenye kopo la sukari na asikitoe mpaka waya urudi. Mama akauliza kama na sukari nayo imepigwa marufuku. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, Spana aliwasikia wazee wake wakicheka chumbani kwao.

Jumatatu aliandika jina kwenye karatasi ya kina kirefu. Bi Dakika hakujigamba, aliitazama saa tu, kana kwamba alikuwa akimsubiri. Popo alinuna hadi saa sita mchana, kisha akajitolea kukaa kwenye kamba ya kupandia na mitungi ya akiba siku ya kazi yenyewe, kwa sharti kwamba aelezwe jambo zima upya, polepole, hasa pale pa waya.

Siku kumi na moja Spana alijifunza kubeba mitungi minne bila kugongana nayo, kubadilisha gesi bila kubahatisha, na kuning'inia mahali pamoja ndani ya maji kama picha ukutani huku Bi Dakika akimnyang'anya miwani, taa na subira. Siku ya kumi na mbili walishuka.

Chini kulikuwa na baridi, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika. Tumbo la meli lilitokea kwenye taa zao ghafla, kubwa, tulivu, limefunikwa ukungu wa matope. Spana alilipapasa hadi akayapata matundu matatu. Mita arobaini na saba. Akausugua wavu wa katikati kwa brashi, shaba ikamemetuka kidogo. Bi Dakika, aliyekuwa begani pake, alionyesha vidole saba. Dakika saba zimebaki.

Spana aliingiza waya. Haukwenda hata urefu wa kiganja, ukasimama. Mkono wake ulijua. Hicho hakikuwa chuma. Kilikuwa kinazama kidogo na kurudi. Matope, na matope hukubali yakibembelezwa. Alizungusha, akasukuma, akavuta, akazungusha tena, wingu la kahawia likamjia usoni kupitia wavu, na waya ukaanza kwenda. Ukaenda. Ukaenda tena. Kisha ukagonga.

Aliusikia kwenye kifundo cha mkono, mgongano mfupi, mgumu, wa chuma kwa chuma. Akarudisha nyuma kidogo akagonga mara ya pili, kisha ya tatu, kama alivyofanya kwenye bafu za watu. Palepale. Lakini ni valvu au ni elbo? Vyote viwili ni chuma. Alizungushia utepe mwekundu pale waya ulipoingilia wavu, akaukaza kwa meno ya plaizi, akauvuta nje. Alitamani kujaribu tena kupitia kitundu kingine cha wavu uleule, mara moja tu, kwa uhakika. Bi Dakika alikuwa amekwisha kumshika bega, kidole gumba juu. Muda wa kupanda. Mwezi mmoja nyuma angebishana. Alipanda.

Dakika thelathini na nane ni nyingi ukiwa na jibu lililozungushwa mkononi na hujui kulisoma. Kwenye kituo cha mita ishirini na moja Popo aliwapokea na mitungi, akaunyooshea waya kidole, akainua nyusi ndani ya miwani yake. Spana aliinua mabega. Kwenye kituo cha mwisho, mita sita, jua likiwa limefika hadi kwenye mapezi yake, angeweza kuunyoosha waya kandokando ya mkono wake na kukisia. Kiganja hadi kiwiko anakijua ni sentimita ngapi, ni fundi. Aliuzungusha vizuri, akautia mfukoni, akafunga zipu.

Alasiri ile walikuwa watatu mezani. Mama alileta kopo la sukari na kuapa kwamba hakuifungua karatasi, ingawa sukari ilikuwa imepungua kuliko chai iliyonywewa. Spana aliunyoosha waya juu ya meza. Baba alitaka kupima mwenyewe. Aliishika ncha ya tepu ya kupimia, lakini ilimponyoka mara mbili, akamwachia binti yake na kusogeza uso karibu kabisa na namba.

"Tisini na nne," alisema Spana.

"Pima tena."

"Tisini na nne na nusu."

Mama alikunjua karatasi. Aliisoma polepole, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. "Valvu, tisini na tano. Elbo, mia mbili na kumi."

 Koki ya jikoni ilikuwa ikidondoka, tone, tone, na kwa mara ya kwanza Baba akiwa ndani ya nyumba ile hakuna aliyeinuka kwenda kuigusa. Baba aliweka kidole kwenye utepe mwekundu, akakipeleka taratibu hadi kwenye ncha ya waya, akakirudisha.

"Niliifunga," alisema.

Kisha akalia. Hakuficha uso wala hakutoka nje, alilia palepale mbele ya mkewe na binti yake, mzee wa miaka sabini na tisa, kwa furaha na kwa uchungu wa miaka ishirini na mbili aliyopoteza akijishuku mwenyewe. Mama alimshika mkono. Spana naye alilia, na akacheka, na akapiga chafya, maana ziwa lilikuwa bado puani mwake.

Chai ilimiminwa. Baba alikunywa nusu kikombe akiutazama waya. Halafu akakiweka kikombe chini, na Spana akauona uso ambao hakuwa ameuona tangu alipokuwa na miaka kumi na tatu, uso wa injinia aliyesikia mlio mgeni kwenye mashine.

"Kama valvu ilikuwa imefungwa," alisema Baba, "basi maji yale yaliingilia wapi?"

Mama alisema yeye hayajui na wala hataki kuyajua, anywe chai yake. Baba hakumsikia. Aliivuta kalenda kuukuu, akatafuta sehemu iliyobaki nyeupe, akaanza kuchora mlango, ngazi iliyogeuka rafu, na pampu mbili nyuma yake ambazo kamati haikuwahi kuziulizia. Alichora kwa haraka, bila kuinua kichwa.

"Yule mwalimu wako wa mapangoni," alisema, "anaanza tena lini?"